Ukiengua malai, kalsiamu inabaki: maziwa yaliyopunguzwa mafuta kwa wazazi wetu wa Mtwara na Lindi

BintiMikindani
Wadau, habari za jioni. Naleta jambo ambalo linaniuma kwa sababu naliona kila wiki kazini, na kwa mama yangu mzazi nimeliona pia.

Mama wa miaka hamsini na kitu anapimwa presha, au anaambiwa lehemu (kolesteroli) imepanda. Anashauriwa apunguze mafuta. Akifika nyumbani, nazi inaachwa siku chache kisha inarudi kwenye kisamvu kama kawaida. Maziwa ndiyo yanayoachwa kabisa. Chai inakuwa ya rangi mwaka mzima. Ukimuuliza anajibu, "Mwanangu, maziwa yana mafuta." Ukimwambia kuna yaliyotolewa mafuta, anasema hayo ni maji meupe, nguvu yote imeshaondolewa.

Mimi ni mtu wa lishe, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Kalsiamu ya maziwa haikai kwenye mafuta. Theluthi mbili hivi imeshikana na protini inayoitwa kaseini, na iliyobaki imeyeyuka kwenye maji ya maziwa yenyewe. Ukiengua malai unatoa mafuta pamoja na vitamini zinazokaa ndani ya mafuta, hasa A. Kalsiamu unaiacha kwenye sufuria.

Kikombe cha robo lita cha maziwa kamili kina kalsiamu inayokaribia miligramu 300 na nguvu ya kilokalori 150 hivi. Kikombe hichohicho kikitolewa mafuta yote, kalsiamu ni ileile miligramu 300, tena inaweza kuzidi kidogo kwa sababu nafasi ya mafuta imechukuliwa na maziwa. Kilokalori zinashuka chini ya 90. Sasa tazameni upande wa pili: gramu 100 nzima za siagi zina miligramu 24 tu za kalsiamu, na samli karibu haina kitu. Kama nguvu ya mifupa ingekuwa kwenye mafuta, samli ndiyo ingekuwa dawa.

Kwa nini nahangaika na kina mama hasa? Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Hiyo asilimia 1 iliyobaki ndiyo inayoendesha moyo, misuli na mishipa ya fahamu, na mwili hauruhusu ipungue kwenye damu. Usipoila, mwili unaichukua kwenye mfupa. Hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa inaulinda mfupa inashuka, na uchukuaji unakwenda kasi. Mama halisikii hilo mpaka siku anateleza uani na nyonga inavunjika. Viwango vya Marekani vya mwaka 2011 vinamtaka mwanamke aliyevuka miaka 50 apate miligramu 1,200 kwa siku. Kijana na mtu mzima wa kawaida 1,000. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 miligramu 1,300.

Sasa pangeni sahani yetu ya kila siku. Ugali wa muhogo, sembe, wali: kalsiamu kidogo sana. Korosho, fahari yetu, ina miligramu 37 tu kwa gramu 100. Korosho ina faida nyingine nyingi, magnesiamu kwa mfano, ila kwa kalsiamu tusiitegemee. Tui la nazi ni chini ya hapo, na mafuta yake yaliyoshiba, yaani yale yanayopandisha lehemu, ni mengi kuliko ya maziwa yoyote anayoyaogopa mama. Ndiyo maana nasema tunaacha kitu kisichostahili kuachwa na kubaki na kile tulichoambiwa tupunguze.

Karibuni tuchangie.

Mkulima_Tandahimba
Dada, nimekusoma vizuri na naheshimu elimu yako, lakini kuna jambo umelipita. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hatukuwahi kuwa watu wa maziwa. Mbung'o walikuwepo, maji ya shida, ng'ombe angeishi wapi? Bibi zetu walibeba ndoo za maji kutoka mabondeni kupanda mlima hadi Newala, na mifupa yao ilihimili. Hawakuonja maziwa ya ng'ombe utotoni wala uzeeni.

Tulichonacho ni dagaa, ufuta, mlonge, kisamvu na mboga za majani. Kwa nini mama yangu auze korosho ili anunue pakiti iliyosafirishwa kutoka Iringa au Tanga wakati ufuta uko shambani?

BintiMikindani
Kaka, hoja yako ni nzito, na sitaijibu kwa mstari mmoja.

Kwanza hao bibi. Walipata kitu ambacho wajukuu wao hawakipati: kazi ya kubeba uzito. Mfupa unaobebeshwa mzigo tangu ujana unajengeka mnene, na sehemu kubwa ya ujenzi huo huwa imekamilika kabla mtu hajavuka miaka 30. Jua walilipata la kutosha, hivyo vitamini D ya kusaidia kalsiamu kuingia mwilini haikuwa tatizo. Binti wa leo anakaa dukani kutwa au yuko ofisini, anapanda bodaboda hata kwenda gengeni. Chakula ni kilekile, kazi imepungua. Mfupa wake tusiupime kwa wa bibi yake.

Dagaa nakubaliana nawe bila mabishano. Samaki mdogo anayeliwa na mifupa yake ni chanzo kizuri sana. Gramu 100 za sadini za kopo zikiliwa na mifupa zinatoa miligramu 380 hivi. Anayekula dagaa wazima mara nyingi kwa wiki amefanya kazi kubwa. Tatizo ni kwa mgonjwa wa presha: dagaa wengi wa pwani yetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Huyo awaroweke, amwage maji, ndipo apike. Na wazee wasio na meno huwa wanakunywa mchuzi na kuacha dagaa kwenye bakuli, na kalsiamu inabaki kwenye mifupa ya dagaa hao.

Ufuta unahitaji hesabu. Wenye ganda lake una miligramu zaidi ya 900 kwa gramu 100, namba inayovutia kwelikweli. Lakini sehemu kubwa ya hiyo iko kwenye ganda, na imeshikwa na oksaleti na fiteti, kemikali za asili za mmea zinazoshika madini, kiasi kwamba mwili unapata kama sehemu moja ya tano. Vijiko vitatu vya chakula ni miligramu 260 hivi kwenye jedwali, na zinazoingia mwilini ni kama 50. Kikombe cha maziwa chenye 300 kinakupa karibu 95, kwa sababu kalsiamu ya maziwa hufyonzwa kwa kiwango cha asilimia 30 na ushei. Sisemi ufuta uachwe. Nasema tuule! Lindi na Mtwara tunaongoza kwa kuuzalisha na msimu ukifika gunia zima linakwenda mnadani, nyumbani hakibaki hata kibaba cha kutia kwenye mboga.

Mchicha ni vilevile, oksaleti zake zinashika kalsiamu nyingi. Sukuma wiki na figiri ni bora zaidi kwa hili, kwa sababu hazina mzigo huo wa oksaleti.

Kwa hiyo simtaki mama auze korosho anunue pakiti saba. Kikombe kimoja au viwili vya maziwa kwa siku, juu ya dagaa na mboga alizonazo, kinaziba pengo ambalo mboga peke yake inahitaji furushi kuliziba.

MuuguziMasasi
Asante mleta uzi. Naongeza ya upande wetu wa kliniki ya wajawazito, kwa kuwa kalsiamu siyo habari ya wazee tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito anayeishi kwenye jamii inayokula kalsiamu kidogo apewe vidonge vyake, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa ajili ya kupunguza hatari ya presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Na kuna utafiti ulifanyika kwetu, Dar es Salaam, sambamba na Bengaluru nchini India, wajawazito wa mimba ya kwanza 11,000 kila nchi, matokeo yakatoka Januari 2024. Walilinganisha miligramu 500 na miligramu 1,500 kwa siku. Kwa kuzuia presha hiyo, dozi ndogo haikuwa dhaifu kuliko kubwa. Kwangu hiyo ni habari njema, maana kidonge kimoja mama anakimeza, vitatu anavisahau.

Lakini maziwa siyo mbadala wa kidonge alichoandikiwa mjamzito. Na ninaomba sana: vidonge vya kuongeza damu msimezee maziwa. Kalsiamu inazuia madini ya chuma kuingia. Tenganisheni kwa saa mbili hivi, na chai ya rangi nayo isikae karibu na kidonge hicho. Nawaona kina mama wanaomeza kila siku na damu haipandi, ukichunguza unakuta kidonge kinashushwa na chai ya maziwa.

La watoto lisisitizwe pia. Aliye chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu. Chini ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu. Kati ya mwaka mmoja na miwili, ukimpa, mpe kamili. Ubongo wake unakua na unahitaji mafuta. Haya maziwa ya kuengua ni ya wakubwa.

BintiMikindani
Muuguzi, Mungu akubariki. Hilo la watoto wa chini ya miaka miwili naomba kila anayesoma alishike. Na mimi naongeza: mtoto mkubwa aliyekonda, au mzee aliyepungua uzito asiye na hamu ya kula, naye apewe maziwa kamili. Anahitaji kila kilokalori inayopatikana. Uzi huu unamhusu zaidi mtu mzima mwenye presha, lehemu, kisukari au uzito uliozidi, ambaye ameyakimbia maziwa.

Maziwa_Lindi
Mimi nauza maziwa Lindi mjini, nachukua kwa wafugaji upande wa Mchinga na kuelekea Kilwa. Wengi mnajua ng'ombe wameongezeka mkoani kwetu tangu wafugaji walipohamishwa bonde la Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 na wengi wao kushuka Kusini. Migogoro ya mashamba ipo na sitaki kuifungua hapa, ila maziwa freshi sasa yanapatikana Lindi tofauti na zamani.

Ninachotaka kusema ni kwamba wateja wanachanganya maziwa mepesi ya aina mbili. Kuna mepesi kwa kuenguliwa malai, na kuna mepesi kwa kutiwa maji. Ya kwanza yana kila kitu isipokuwa mafuta na vitamini zinazokaa ndani yake. Ya pili yamepunguzwa yote: ukiweka lita moja ya maji kwenye lita nne za maziwa, kalsiamu imepungua kwa sehemu moja ya tano hapohapo, na kama maji ni ya kisima unanunua na ugonjwa.

Laktomita, kile kipimo cha kuelea kinachoonesha uzito wa maziwa, husaidia. Maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 32. Yakitiwa maji namba inashuka. Yakienguliwa malai inapanda, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Ndiyo maana muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuengua kwanza kisha akaongeza maji, namba ikarudi katikati na laktomita isimkamate. Dawa ya hilo ni kumjua unayenunua kwake, au kupima mafuta maabara.

Na ng'ombe hawa wa kienyeji maziwa yao ni mazito, mafuta mara nyingi yanafika asilimia 5. Mgonjwa wa presha akinywa haya bila kuengua anapata mafuta mengi kuliko ya pakiti.

BintiMikindani
Hapo ndipo pa kueleza namna ya kufanya nyumbani, maana maziwa ya pakiti yaliyopunguzwa mafuta hayapo kila duka.

Chemsha maziwa freshi mpaka yafufurike vizuri, usiogope, kuchemsha hakuui kalsiamu na kunakuepusha na brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yaache yapoe kwenye sufuria pana, yafunike, uyaweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta malai yameganda juu. Yaengue kwa kijiko yote. Yanayobaki bado yana mafuta kiasi, siyo sifuri, lakini sehemu nzuri imeondoka. Malai hayo msiyatupe: mtoto wa miaka mitatu aliyekonda yawekwe kwenye uji wake.

Maziwa ya pakiti hayatakupa malai juu, yalishasagwa kiwandani ili mafuta yasijitenge. Hayo ukitaka yenye mafuta kidogo lazima ununue yaliyopunguzwa tayari. Soma ubavuni: kamili ni mafuta asilimia 3 na zaidi, yaliyopunguzwa huwa kati ya 1 na 2, yaliyotolewa kabisa ni chini ya 0.5. Halafu angalia sukari. Mtindi wa kopo wenye ladha ya stroberi unaweza kuwa na mafuta kidogo na sukari nyingi, na kwa mwenye kisukari hapo hujamsaidia.

Shangani_Kaka
Naomba kuuliza kwa unyenyekevu. Mimi maziwa yananivuruga tumbo tangu nikiwa mdogo, gesi na kuharisha. Nyumbani karibu wote tuko hivyo. Je, hayo yaliyotolewa mafuta yatanifaa?

BintiMikindani
Kaka, kutoa mafuta hakutakusaidia kwa hilo. Kinachokusumbua ni laktosi, sukari ya maziwa, na yenyewe inabaki hata malai yakiondoka.

Hali yako ni ya kawaida sana kwa jamii za wakulima. Watoto wengi duniani wakishaachishwa ziwa, mwili unapunguza kimeng'enya cha kuvunja laktosi. Jamii za wafugaji kama Wamasai zina mabadiliko kwenye vinasaba yanayokifanya kiendelee hadi uzeeni. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kazi waliyofanya Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonesha kwamba mabadiliko hayo ya Afrika Mashariki ni tofauti na yale ya Wazungu, yalitokea yenyewe huku kwetu. Kwa hiyo tumbo lako halina ugonjwa, limefuata asili yake.

Jaribu mtindi. Bakteria wameshakula sehemu ya laktosi na wanaendelea kusaidia kuivunja tumboni. Kalsiamu yake ni sawa na ya maziwa uliyougandishia. Gandisha maziwa uliyoengua malai, upate mtindi wenye mafuta kidogo. Anza na nusu kikombe, pamoja na chakula, siyo tumbo tupu. Wengi wenye hali yako wanahimili hata kikombe kimoja cha maziwa wakinywa kidogokidogo. Ukishindwa kabisa, usijilazimishe, rudi kwa dagaa wa Mkulima_Tandahimba.

Mzee_wa_Ruangwa
Wanangu, nawasoma. Nina swali gumu kidogo. Siku hizi tunasikia wataalamu wengine wanasema mafuta ya maziwa hayana ubaya tuliofundishwa, na hata mtu akinywa maziwa kamili hapati ugonjwa wa moyo zaidi. Sasa tumwamini nani?

BintiMikindani
Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki.

Ni kweli wataalamu wanabishana. Mafuta ya maziwa yameshiba kwa wingi, na mafuta yaliyoshiba yanapandisha lehemu mbaya, hilo limesimama. Lakini tafiti zinazofuatilia watu wanaokula maziwa na mtindi kamili hazijaonesha madhara makubwa kwa moyo kama yalivyotarajiwa, hasa mtindi na jibini. Kwa mtu mwenye afya, mwembamba, anayelima, mimi sitapigana naye juu ya maziwa kamili. Anywe.

Kwa mwenye presha nasimama na yaliyopunguzwa, kwa sababu kuna ushahidi wa moja kwa moja. Mwaka 1997 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa mlo unaoitwa DASH, watu wazima 459. Waliopewa mboga na matunda mengi pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 5.5 zaidi ya waliokula mlo wa kawaida. Waliopewa matunda na mboga bila maziwa hayo walishuka pia, ila kama nusu ya hapo. Mlo ule ulikuwa na mambo mengine, siwezi kukwambia maziwa peke yake ndiyo yalifanya kazi. Lakini mama mwenye presha anayeacha maziwa kabisa anakwenda kinyume na mlo uliofanikiwa.

Mwenye ugonjwa wa figo, mzee wangu, asichukue ushauri huu hapa. Maziwa yana fosforasi, aongee na daktari wake kwanza.

Mzee_wa_Ruangwa
Marahaba binti yangu. Umejibu kwa adabu na nimeelewa. Mama watoto ana presha, nitamsomea.

MamaKiduka
Mimi nina duka Nanyamba, umeme unakatika na wateja wengi hawana friji. Pakiti ya lita ikifunguliwa inaharibika. Na usafiri wenyewe mnaujua: Mei 2024 barabara ya Dar ilipokatika Somanga kwa ile mvua ya kimbunga Hidaya, rafu yangu ya maziwa ilikaa tupu. Wateja wanaulizia maziwa ya unga. Yanafaa kwa haya mnayozungumza?

BintiMikindani
Yanafaa sana, mama, na kwa mazingira yenu naona ndiyo chaguo la kwanza. Maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta yana kalsiamu zaidi ya miligramu 1,200 kwa gramu 100. Gramu 25 kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa ni kikombe kamili chenye miligramu 300. Hayahitaji friji mpaka uyakoroge, na mgonjwa anakoroga kinachomtosha kunywa papo hapo. Anaweza hata kutia kijiko kwenye uji wa ulezi, kalsiamu inaongezeka bila kubadili chakula alichokizoea.

Ila uwe makini na unachoagiza, kwa sababu kwenye rafu vinafanana. Kuna unga mweupe wa kutia kwenye chai unaotengenezwa kwa mafuta ya mimea na sukari. Huo siyo maziwa na kalsiamu yake haifai kuhesabiwa. Kuna mwingine uliochanganya maziwa yaliyotolewa mafuta na mafuta ya mawese: kalsiamu ipo, lakini mafuta yamerudishwa kwa mlango mwingine, kwa mgonjwa wa lehemu haufai. Na kuna yale maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari, ambayo sukari iliyoongezwa inakaribia nusu ya kopo lenyewe. Mwenye kisukari usimuuzie kama maziwa ya afya.

Mfuko mkubwa ukiufungua, hamishia kwenye kopo kavu lenye mfuniko wa kubana, joto la kwetu na unyevu wa pwani hufanya unga ushikane haraka. Ukiweza, leta vile vipakiti vidogo. Pakiti za lita zilizofunguliwa waambie wateja wasio na friji wachemshe na wamalize siku hiyohiyo, au wagandishe mtindi jioni hiyo.

MamaKiduka
Nimeelewa. Naagiza ya unga yaliyotolewa mafuta, pakiti ndogo. Mkija Nanyamba mtayakuta.